Karavani ya Skegness: Uliza Kabla ya Kulipa

Ina magurudumu, lakini haiendi popote. Hapo ndipo wengi wanaouliza habari za kukodi karavani kwenye miji ya pwani ya Uingereza hupotea mwanzoni kabisa. Hudhani lazima wawe na gari kubwa la kuivuta, au leseni ya aina yake. La hasha. Karavani za kukodi kwenye kambi za likizo za miji hiyo ni vijumba vyembamba, vyenye urefu wa mita 10 hadi 12, vilivyoletwa kutoka kiwandani na kuegeshwa mahali pamoja kwa miaka. Ndani mna sebule, jiko, vyumba viwili au vitatu, bafu na choo cha kuvuta maji. Mpangaji huja na nguo zake, akapewa ufunguo, akakaa siku tatu, nne au wiki nzima, akarudi kwake.

Swali la pili ni la bei: je, ni nafuu kweli kama watu wanavyosema? Ni nafuu kwa aliyeuliza mapema. Ambaye hakuuliza hulipia kila alichosahau, tena kwa bei ya kambini.

Makala haya yanachukua mfano wa Skegness, mji wa pwani ya Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, kwa kuwa ndio ulio karibu na wasomaji wengi wa Leicester, Nottingham na Derby. Ushauri wenyewe unafaa pia kwa Great Yarmouth, Rhyl au Porthcawl.

Kwa nini Skegness

Reli ilifika hapo 1873, na wafanyakazi wa viwandani wa miji ya katikati ya Uingereza wakaanza kumiminika. Mwaka 1908 kampuni ya reli ilimlipa mchoraji John Hassall atengeneze bango la mvuvi mnene anayerukaruka ufukweni, na mvuvi huyo amekuwa nembo ya mji hadi leo. Mwaka 1936 Billy Butlin, mzaliwa wa Cape Town, akafungua kambi yake ya kwanza ya likizo kaskazini kidogo ya mji, upande wa Ingoldmells. Ringo Starr alikuwa akipiga ngoma kwenye kambi hiyo kiangazi cha 1962 alipoitwa kujiunga na Beatles.

Wenyeji wa Leicester huuita mji huo "Skeggy", na miongoni mwao wamo wazee wa Kihindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, ambao Kiswahili bado wanakizungumza.

Kambi nyingi hazipo mjini. Zimejipanga kaskazini yake, kuanzia Ingoldmells hadi Chapel St Leonards. Kwa hiyo tangazo likisema "Skegness", uliza kambi iko kijiji gani na ni mwendo wa dakika ngapi kwa miguu hadi ufukweni. Asiye na gari hupanda treni kutoka Nottingham, safari ya kama saa mbili, au kutoka London King's Cross hadi Grantham na kubadilisha hapo. Kutoka stesheni ya Skegness yapo mabasi ya kwenda Ingoldmells. Mwenye gari ajue kwamba barabara ya A158 kutoka Lincoln, Jumamosi ya Agosti, huenda kwa mwendo wa konokono.

Bei ya tangazo na bei ya mwisho

Gazeti la The Sun limekuwa kwa miaka mingi likitangaza likizo za kuanzia pauni 9.50. Bei hiyo ni ya mtu mmoja, na juu yake huja mengine. Hata anayekodi moja kwa moja kambini aulize haya kabla ya kutoa kadi:

- Kadi za kuingia kwenye bwawa na ukumbi wa burudani: zimo kwenye bei, au zinalipiwa kwa kila kichwa?
- Mashuka na foronya: zipo? Taulo je? Taulo mara nyingi hazipo.
- Gesi na umeme: vimo, au kuna mita ya kulipia?
- Intaneti: ni ya bure, au ni ya kununua kwa siku?
- Gari la pili: lina ada?
- Amana ya usafi na uharibifu: ni kiasi gani, na hurudishwa baada ya siku ngapi?

Jumlisha yote, kisha ndipo ulinganishe na hoteli.

Bei ya wiki moja ya Mei, watoto wakiwa shuleni, huweza kuwa nusu ya bei ya karavani hiyo hiyo mwezi Agosti, au pungufu ya nusu. Hapo wazazi hushawishika kuwatoa watoto shuleni. Wafanye hesabu kwanza. Tangu Agosti 2024, faini ya utoro nchini England ni pauni 80 ikilipwa ndani ya siku 21, na pauni 160 ikilipwa baada ya hapo, hadi siku ya 28. Hutozwa kila mzazi kwa kila mtoto. Baba na mama wenye watoto watatu ni faini sita, yaani pauni 480 kwa uchache. Unafuu wote umekwisha.

Wenye watoto ambao hawajaanza shule, na wale walioletewa mama au baba kutoka nyumbani, ndio wenye bahati: Juni ni yao.

"Karavani ya watu 6" maana yake nini

Tangazo linapotaja watu sita, kwa kawaida wanne hulala vyumbani na wawili kwenye kochi la sebuleni linalovutwa likawa kitanda. Chumba cha watoto kina vitanda viwili vyembamba vilivyoachana kwa upana wa mguu. Mtu mzima mwenye mwili hatageuka humo. Kama mnakwenda watu wazima wanne na watoto wawili, chukueni ya vyumba vitatu.

Hapa pana kosa ambalo Waswahili tunalirudia kwa moyo safi kabisa. Mmekodi ya watu sita. Shemeji naye akasema anakuja kuwasalimu na wanawe watatu, "tutajibana tu". Kambini hakuna kujibana. Idadi iliyoandikwa ndiyo mwisho, na kambi nyingi humhesabu hata mtoto mchanga. Sababu ni bima na moto. Mlinzi akikuta watu kumi usiku, anaweza kuwatoa nyote bila kurudisha senti. Shemeji aje mchana, aandikishwe mapokezi kama mgeni wa siku, ale pilau, kisha aende zake jioni.

Vijana nao wajihadhari. Kambi nyingi hukataa makundi ya vijana watupu, na nyingine hutaka anayekodi awe ametimiza miaka 21 au 25. Soma masharti kabla, maana lango likifungwa mbele yenu saa mbili usiku hakuna wa kumlalamikia.

Ukikodi kwa mtu binafsi

Karavani nyingi zina wenyewe, nao huzikodisha kupitia mitandao ya kijamii kwa bei ya chini kuliko ya kambi. Wengi wao ni waaminifu. Lakini pia ndiko waliko matapeli: picha nzuri zilizoibwa mahali pengine, bei ya kuvutia, na haraka ya "tuma leo, kuna mwingine anaitaka".

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Omba jina la kambi na namba ya kiwanja cha karavani.
2. Tafuta mwenyewe namba ya simu ya kambi (usitumie aliyokupa yeye) na uulize kama kiwanja hicho kipo na kama mwenyewe anaruhusiwa kukodisha.
3. Uliza kama mgeni wa mtu binafsi anaruhusiwa kununua kadi za bwawa. Pengine haruhusiwi, na watoto wakatazama maji kupitia kioo.
4. Omba video ya karavani iliyopigwa siku hiyo, ikianzia nje kwenye namba.
5. Usitume fedha zote benki kwa benki kwa mtu usiyemjua.

Ukilipa kambi yenyewe kwa kadi ya mkopo unayo kinga nyingine. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 huifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000. Kadi ya kawaida ya benki haimo kwenye kifungu hicho, wala fedha zilizotumwa kwa mtu moja kwa moja.

Mizigo: orodha ya waliokwisha kwenda

- Taulo, sabuni ya vyombo, karatasi za chooni. Utakuta roli moja tu, ya makaribisho.
- Sufuria kubwa. Zilizomo hupika wali wa watu wawili.
- Kikaango chako cha chapati, kama chapati hamziachi. Kisukumio pia.
- Kopo la maji la chooni. Bomba la kujisafishia halipo.
- Kanga mbili tatu: hufunika mtoto, huwa pazia, hukaliwa mchangani.
- Koti la mvua na sweta, hata Julai. Upande wa mashariki hupata mvua chache kuliko magharibi, ila upepo wa Bahari ya Kaskazini haujui likizo. Bango la 1908 lenyewe liliusifia ubaridi huo, kwa ujanja wa biashara.
- Kizuia upepo cha kitambaa na vijiti vyake. Huuzwa dukani ufukweni kwa bei ya ufukweni.
- Dawa zenu za siku zote.

Gesi, umeme na mkaa

Sehemu hii isomwe na kila atakayepika.

Kambi nyingi hupika na kupasha maji kwa gesi ya mitungi iliyo nje. Mtungi mwekundu ni propeni; wa bluu ni buteni, ambayo baridi ikikaribia nyuzi sifuri haitoki. Gesi zote mbili ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hazipandi juu, huzama sakafuni. Ndiyo maana karavani ina matundu ya hewa chini, karibu na zulia, na ndiyo maana si ruhusa kuyaziba kwa mkeka au begi eti baridi inaingia. Ukisikia harufu ya gesi: zima moto wote, usiguse swichi yoyote, fungua milango, toa watu, funga mtungi nje, ita mapokezi.

Umeme nao una kipimo. Kwenye karavani za zamani njia yake ni ya amperi 16, ambazo ni kama wati 3,700. Birika la umeme peke yake hula wati 3,000. Washa birika na hita kwa pamoja, giza. Watu hukasirika na kuita fundi, kumbe ni swichi kuu imeruka. Zima kimoja, irudishe juu, endelea.

Halafu mkaa. Watu wa Limuru na Njombe hawahitaji kuelezwa jiko la mkaa linavyoua ndani ya chumba kilichofungwa wakati wa baridi. Karavani ni chumba hicho hicho, tena kidogo zaidi. Kila kiangazi maduka ya Uingereza huuza majiko ya kuchomea nyama ya kutumia mara moja, yaliyo kwenye sinia jembamba la bati. Familia inachoma mishikaki nje, mvua inanyesha, mtu analiingiza jiko ndani "limeshazimika". Halijazimika. Mkaa usio na mwali huendelea kutoa kaboni monoksaidi kwa saa nyingi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Jiko likae nje, mbali na mlango na dirisha, hadi asubuhi. Hata chini ya hema ni marufuku.

Ufikapo tu, kabla ya kufungua mabegi:

- Bonyeza kitufe cha king'ora cha moshi na cha kaboni monoksaidi. Kisipolia, usilale humo mpaka kibadilishwe.
- Angalia kizima moto na blanketi la moto viko wapi.
- Piga picha kila mkwaruzo na doa unalolikuta, uzitume mapokezi siku hiyo hiyo. Amana huliwa kwa madoa ya waliotangulia.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi wa ghafla kwa watu wote ndani si uchovu wa safari. Tokeni nje, pigeni 999.

Bahari ile si ya Mombasa

Msomaji aliyekulia Tanga au Lamu atasema: maji nimeyazoea, ninajua kupwa na kujaa, ninajua bamvua na maji mafu. Kweli, na elimu hiyo itamsaidia, kwa sharti aongeze vipimo. Kwetu, tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua ni kama mita 4 hivi. Skegness ni karibu mita 6, na ufuo ni tambarare, kwa hiyo maji hukimbia mbali sana. Watoto huyafuata.

Mchanga wa pwani hii una matuta na mifereji inayokwenda sambamba na ufuo. Maji yanaporudi hujaza kwanza mfereji ulio nyuma ya mtu, yeye akiwa amesimama juu ya tuta kavu akipiga picha. Anapogeuka, njia imekatika. Tazama jedwali la maji la siku hiyo mapokezi, na maji yakianza kujaa, rudi.

Bendera ni lugha ya kujifunza kabla hujavua viatu:

- Nyekundu na njano: ogelea katikati ya mbili hizo. Waokoaji wanatazama hapo.
- Nyeusi na nyeupe za miraba: ni eneo la mbao za mawimbi na mitumbwi, usiogelee.
- Nyekundu tupu: usiingie kabisa.
- Soksi ya upepo ya rangi ya chungwa: upepo unavuma kuelekea baharini, usiingie na boya wala godoro la upepo.

Maboya ya kujaza upepo yenye sura ya bata na nyati ndiyo hatari inayouzwa waziwazi madukani. Upepo wa nchi kavu ukilishika moja lenye mtoto juu yake, hakuna muogeleaji atakayelifikia. Mnunulie, achezee bwawani.

Maji yenyewe ni baridi: Julai na Agosti ni nyuzi 16 au 17 hivi. Mwili uliozoea Bahari ya Hindi hushtuka, pumzi ikakatika, mikono ikakosa nguvu. RNLI, shirika la hisani la uokoaji baharini lililoanzishwa 1824, hufundisha jambo moja: usipambane. Lala chali, kichwa nyuma, masikio ndani ya maji, chezesha mikono taratibu mpaka pumzi itulie, ndipo uite au uogelee. Aliye nchi kavu apige 999 na aseme "Coastguard".

Chakula, na swali la mafuta

Pwani ya Lincolnshire, kama Yorkshire jirani yake, bado ina maduka mengi yanayokaanga samaki na chipsi kwa mafuta ya ng'ombe. Wenyeji huona ndiyo ladha yenyewe. Kwa Mwislamu anayetaka halali, na kwa Mhindu asiyekula nyama ya ng'ombe, samaki huyo hafai hata kama ni samaki. Uliza duka linakaangia nini kabla ya kuagiza. Yapo yanayotumia mafuta ya mimea, na mengine huandika dirishani.

Nyama ya halali inunuliwe Leicester au Nottingham, igandishwe, isafirishwe kwenye kisanduku cha barafu. Ila pima: friza ya karavani mara nyingi ni droo moja tu.

Pikeni, lakini msikaange sambusa mia. Mafuta mengi kwenye jiko dogo, ndani ya kijumba kinachoshika moto upesi, ni kutafuta balaa.

Akija muuzaji na tabasamu

Siku ya tatu hivi, mtu mwenye shati la kambi atawaalika mkanywe kahawa na kutazama karavani mpya. Watoto wamefurahi, jua limetoka, na kuna mpango wa malipo ya kila mwezi. Jibu ni "asante, tutafikiria". Kisha fikirini mkiwa nyumbani, Novemba, mvua ikinyesha.

Karavani ya likizo haiongezeki thamani kama nyumba; hushuka kila mwaka. Ardhi si yako, unalipa ada ya kiwanja mwaka baada ya mwaka, na ada hupanda. Mkataba una ukomo wa miaka, na ukiisha karavani huondolewa. Ukitaka kuiuza, kambi huchukua kamisheni ambayo hufika asilimia 15. Kubwa zaidi, huwezi kuishi humo: mwenyewe hutakiwa athibitishe ana makazi mengine, na sheria ya 1983 inayowalinda wakaao kwenye karavani za makazi haimgusi. Kambi nyingi za pwani hii hufungwa majira ya baridi, na hofu ya mafuriko ni sababu mojawapo. Usiku wa Januari 31, 1953 bahari ilivunja kingo za pwani ya mashariki na watu 307 wakafa nchini England, Lincolnshire ikiwa miongoni mwa mikoa iliyopigwa.

Anayependa sana na akodi kwa miaka mitatu kwanza, kambi tofauti kila mwaka.

Saa kumi au saa nne?

Kosa la mwisho ni la lugha. Karavani hukabidhiwa alasiri, kwa kawaida saa kumi, na hurudishwa asubuhi saa nne. Mama akiambiwa kwenye simu kwamba mwisho ni "ten", akilini mwake ikawa saa kumi, familia itakuwa bado inakunywa chai wakati wafagiaji wanagonga mlango, na faini ya kuchelewa itakatwa kwenye amana. Waandikieni wazee kwenye karatasi, mwibandike kwenye friji: kuondoka ni saa nne asubuhi.

Kuanzia saa mbili, basi: vyombo vioshwe, takataka zipelekwe kwenye mapipa makubwa, friji ifutwe, mashuka ya kambi yakusanywe pamoja, mchanga ufagiliwe, picha za mwisho zipigwe kila chumba. Anayeondoka alfajiri kabla mapokezi hayajafunguliwa aulize jana yake ufunguo unaachwa wapi. Kambi nyingi zina kisanduku cha kuutumbukiza ukutani.